Swali Lako la Jua Lisilozama

Mwanangu Tatu,

Naanza kwa jina la Yule aliyelionyesha jua njia yake na kuupa usiku zamu yake, kisha nakusalimu. Nakuandikia nikiwa nimeketi barazani kwetu hapa Gongoni, kati ya alasiri na magharibi, siku moja kabla ya safari yako. Huko ndani namsikia mama yako akifungua begi lako kwa mara ya nne na kulifunga tena. Barua hii nitampa yeye ailaze juu ya nguo zako, uikute kabla hujalala.

Mambo ya kuvaa, ya kula na ya kutunza pasipoti sitayagusa. Mama yako amekwisha kuyasema, na shangazi zako wameyarudia mpaka nimekuonea huruma. Hata koti limepatikana. Mama yako alipokwenda kulinunua kwa Mama Paulina, yule anayeuza mitumba kule Kanyenye, aliulizwa, "Binti anakwenda wapi mpaka anataka koti zito namna hii?" Akajibu, "Uswidi, mwaka mzima, wamebadilishana wanafunzi na chuo chake." Mama Paulina akageuza ukosi, akasoma kitambaa kilichoshonwa ndani, akaangua kicheko: "Basi hili linarudi kwao! Mwambie amsalimie aliyelivaa." Mama yako alinisimulia hayo huku akicheka, na mimi nikacheka, ingawa siku hizi mbili sikuwa na uso wa kucheka. Sababu unaijua nusu. Nusu ya pili ndiyo inayonifanya niandike.

Juzi Alhamisi ulinijia hapa hapa barazani. Ulivua viatu, ukapiga magoti kama bibi yako alivyokufundisha, ukasema, "Shikamoo, baba." Nikaitikia, "Marahaba." Ukasema, "Nimekuja kuomba radhi zako kabla sijasafiri. Nilipokukosea unisamehe, unitoe kwa moyo mweupe." Desturi yetu ilinitaka niweke mkono juu ya kichwa chako, nikuombee dua, niseme, "Radhi, mwanangu, nenda kwa amani." Maneno yenyewe ni machache, na watoto wa watu wengine nimeyasema mara nyingi. Wewe uliinamisha kichwa ukangoja. Mimi nikavuta tasbihi yangu nikasema, "Tutazungumza." Ukangoja tena kidogo. Kisha ukainuka, ukavaa viatu, na nikaona umevivaa kinyume, cha kulia mguu wa kushoto, ukaenda navyo hivyo hivyo mpaka uani.

Haukupita muda mama yako akatoka.

"Baba Tatu, mtoto analia jikoni anasingizia vitunguu. Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu."

"Hicho ndicho anacholilia. Ukimwacha apande treni bila radhi zako, mimi siku ya hesabu nitasimama shahidi, na sitakuficha."

Umeishi naye miaka ishirini na mmoja, unajua kwamba maneno ya namna hiyo hayasemi kwa kupamba mazungumzo.

Tatu, sikukunyima radhi kwa sababu sitaki uende. Wala sikukunyima kwa sababu umenikosea. Nimelipitia umri wako wote, na makosa niliyoyakuta ni ya mtoto kuvunja vikombe. Ulipoinamisha kichwa, nilitaka kuinua mkono wangu wa kulia, na mkono ukanikumbusha jambo nililokufanyia nao. Nikaona siwezi kuuweka juu ya kichwa chako kana kwamba ni mkono msafi. Nikakosa la kusema, na mtu wa umri wangu akikosa la kusema hujificha nyuma ya tasbihi.

Ulikuwa na miaka tisa. Ramadhani ya mwaka ule iliangukia katikati ya mwaka. Nilikuwa nawafundisha madrasani habari ya saumu, kwamba mtu hujizuia tangu alfajiri inapochomoza hadi jua linapozama. Mlikuwa watoto wapata arobaini juu ya mikeka, na wewe uliketi mstari wa pili, karibu na dirisha. Ukanyosha kidole. Pale madrasani uliniita kama wote wanavyoniita.

"Mwalimu, huko kaskazini kabisa kuna watu ambao jua lao halizami siku nyingi. Wao watafuturu saa ngapi?"

Nikasema, "Hakuna nchi ya namna hiyo."

"Ipo, Mwalimu. Mwalimu wetu wa shule ametuonyesha kwenye ramani."

Watoto arobaini wakageuka kunitazama. Ningeweza kusema neno moja, sijui. Badala yake nikakuita mbele, nikasema, "Unataka kumfundisha Mungu kazi yake?" Nikakuchapa bakora mbili kwenye kiganja, nikakusimamisha ukitazama ukuta mpaka adhuhuri. Hukulia. Ulinyosha kiganja chako vizuri, kama mtu anayetoa kitu alichoombwa, na baada ya ile ya kwanza ukakinyosha tena bila kuambiwa.

Wenzako ndio waliolibeba jambo hilo njiani. Nilikuwa nawasikia wakikuimbia vichochoroni, "Jua Halizami, umefuturu? Jua Halizami, daku saa ngapi?" Jina hilo lilikuandama hadi ulipoingia sekondari. Baba mwenye akili angetoka akawakemea. Mimi nilijiambia kwamba utani wa watoto hauna madhara.

Sasa sikiliza lile usilolijua, ambalo mama yako pia hakulijua hadi leo mchana nilipomweleza. Siku tatu baada ya kukuchapa nilikuwa natafuta mas-ala ya mirathi katika kile kitabu changu kikubwa cha fiqhi chenye jalada jekundu, kile unachokipangusa vumbi kila Ijumaa. Nikapotea kurasa, nikaangukia mlango wa nyakati za sala. Pale nikakuta swali lako. Wanazuoni wa zamani sana walikuwa wamekwisha kuulizwa habari za watu wa nchi za kaskazini, ambao usiku wao ni mfupi kiasi kwamba wekundu wa magharibi hauondoki kabla alfajiri haijaingia. Wakalijadili kwa adabu, huyu akisema hivi na yule akisema vile, na hakuna aliyemsimamisha mwenzake ukutani. Swali nililokuchapia lilikuwa rafuni mwangu muda wote, limeandikwa kwa wino, na mtoto wa miaka tisa alikuwa amelifikia kwa akili yake mwenyewe.

Nilipaswa kusimama wakati ule ule, nije jikoni ulikokuwa ukisaidia kuchambua mchele, nikwambie, "Tatu, ulisema kweli." Nilikifunga kitabu. Nikakirudisha rafuni na mgongo wake ukielekea ukutani, kana kwamba nacho kingeweza kusema. Nikanyamaza miaka kumi na miwili.

Bakora zile ziliuma pengine saa moja. Ni kule kunyamaza kulikozifanya ziwe ndefu. Tangu siku ile hukuuliza tena madrasani. Ulihitimu msahafu, ukawa unasoma vizuri kuliko wavulana wote, ukijibu ulichoulizwa na kukomea hapo. Mama yako aliniambia, "Mwanao haulizi tena, umeona?" Nikamwambia, "Amekuwa na adabu." Akasema, "Adabu ipi? Amenyamaza tu." Nilimkasirikia siku mbili nzima kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Na jambo hili limeniuma zaidi kwa ajili ya hadithi unayoifahamu, kwani ni mimi niliyekusimulia. Baba wa babu yangu alikuwa mpagazi. Aliondoka hapa Tabora na pembe begani, akatembea na wenzake ile njia yote hadi Bagamoyo, kwa sababu siku hizo kijana wa Kinyamwezi asiyeiona pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima, na hata kuoa kulimwia shida. Aliporudi, wazee walimkalisha wakamuuliza, "Umeona nini?" Akasema ameona maji yasiyo na ng'ambo, yenye chumvi, ambayo mara mbili kwa siku hupanda nchi kavu na kurudi. Mjomba wake, ambaye hakupata kuvuka hata mto wa kijiji cha jirani, akasema, "Maji yapande juu yenyewe? Huko pwani ulikunywa pombe ya nani?" Watu wakacheka. Kuanzia hapo wakamwita Maji Yanapanda, na jina hilo alizikwa nalo.

Babu alipokuwa akitusimulia tulimcheka yule mjomba, si mpagazi. Mimi mwenyewe nimeisimulia hadithi hiyo madrasani zaidi ya mara moja, ili niwaonye watoto wasikatae jambo kwa kuwa tu hawajaliona. Na wewe ulikuwa umeketi pale mstari wa pili, karibu na dirisha, ukiisikiliza. Je, ulikuwa ukifikiri nini, mwanangu? Hukuniambia, na sikukuacha nafasi ya kuniambia. Ilinichukua miaka hii yote kuona kwamba katika nyumba hii mjomba ni mimi.

Nisamehe nikirefusha, uzee una njia zake za kuzunguka kabla ya kufika. Nataka pia ujue namna ninavyokustaajabia, kwani hilo nalo sikulisema.

Ulipofanya usaili wa nafasi hii kwa njia ya kompyuta kule chuoni kwenu, mama yako ndiye uliyempigia simu kwanza. Akaja kwangu akiwa na simu bado mkononi. "Walimu wa huko walipomaliza kumuuliza habari za misitu, wakamwambia kama ana swali lolote naye aulize. Unajua aliuliza mangapi? Saba! Mpaka wakacheka wakasema muda umekwisha." Nilitoka nje nikasimama peke yangu. Nilifurahi, wallahi, nilifurahi kama mtu aliyeambiwa kuwa kisima alichokifukia mwenyewe kimetoa maji upande wa pili wa kilima. Kisha nikajiuliza, maswali hayo yote alikuwa ameyaweka wapi miaka yote hii? Ndani ya nyumba yangu mlikuwa na chumba cha maswali na mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ajili yangu.

Wewe hukunichukia kwa hilo. Hili ndilo linalonishangaza kuliko alama zako zote. Hukuacha sala, hukuacha kupangusa kile kitabu, hukunijibu kwa ukali hata siku moja. Nimewaona vijana waliochapwa kwa jina la dini wakaikimbia dini pamoja na aliyewachapa. Wewe ulitenganisha. Ulimwacha Mungu mahali pake na ukamwacha baba yako mahali pake, nami najua wazee wenye vilemba ambao hawajaweza kufanya hivyo. Nikikuona umesimama katika sala, nashukuru kwamba ulipata imani yako kwa njia isiyopita kwenye kiganja changu.

Uliniambia kwamba huko mwanafunzi humwita profesa wake kwa jina lake tu, bila cheo. Mama yako alishika kinywa. Mimi nimelifikiri sana jambo hilo. Sikwambii uache adabu zetu, shikamoo yako itakufaa popote hata kama hapana wa kuitikia. Lakini nimeona kwamba heshima nyingi niliyoipata madrasani niliilinda kwa bakora, na ile uliyonipa wewe baada ya siku ile sikuistahili hata chembe, ulinipa tu. Ukikutana huko na mwalimu anayesema mbele ya darasa, "Sijui, tutafute," usimdharau, Tatu. Mkae karibu. Mimi kila somo nililifunga kwa kusema Mungu ndiye ajuaye zaidi, na katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kusema kwamba mimi sijui. Nilidhani maneno yale ya kwanza yanatosha kufunika ya pili.

Nawe utakosea huko, ugenini mtu hukosea kila siku. Utaulizwa habari za dini yako na za nchi yako, na mara nyingine utajibu usilolijua kwa sababu watu wanakutazama. Ukigundua, rudi kwa uliyemwambia siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama, na kama ni mwezi wa sita, basi usilingoje. Sikwambii haya kama mwalimu. Nakwambia kama mtu aliyengoja, akaona mzigo ukiongezeka uzito ukiwa juu ya rafu.

Leo asubuhi nilifanya nilichopaswa kukifanya zamani. Nilikwenda madrasani nikiwa na kitabu chekundu kwapani. Nikawaambia watoto, "Miaka mingi iliyopita mwanafunzi mmoja aliniuliza swali hili," nikalitaja kama ulivyolitaja wewe. "Nami nikamchapa bakora mbili. Baadaye nikakuta kwamba swali lake ni la haki, na wanazuoni wakubwa waliliuliza kabla yake. Sikumwambia."  Kisha Rehema, yule mjukuu wa fundi cherehani, asiyejua kunong'ona, akauliza:

"Mwanafunzi mwenyewe nani, Mwalimu?"

"Tatu, binti yangu."

"Dada Tatu anayepanda ndege?"

"Huyo huyo."

"Na huko anakokwenda, kweli jua halizami?"

"Kuna siku za katikati ya mwaka, karibu halizami. Ukienda kaskazini zaidi, halizami kabisa."

"Kwa hiyo Mwalimu ndiye aliyekosea."

"Mimi ndiye."

Akaendelea: "Sasa nani atamchapa Mwalimu?"

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka mpaka nikafuta macho kwa kanzu. Mwingine akapaza sauti kutoka nyuma, "Dada Tatu! Amchape leo, treni haijaondoka!" Wakakubaliana wote, bakora mbili, wala zisizidi. Kwa hiyo nimekwisha kuhukumiwa, na hukumu naiona ni ya haki.

Sasa nikujibu swali lako, kwa kuchelewa miaka kumi na miwili. Wapo waliosema kwamba mtu wa mahali ambapo alama za nyakati hazionekani akadirie kwa mji ulio karibu naye ambako zinaonekana. Wapo waliosema afuate nyakati za Makka. Kuhusu sala ya isha mahali ambapo wekundu hauondoki, walihitilafiana zaidi, na kila mmoja ana hoja yake. Waislamu wa mji utakaokaa watakuwa na lao walilolizoea, nao wanaliona jua lile kwa macho yao. Waulize, uliza na sababu, usikinai upesi. Hayo ndiyo niliyoyakuta kitabuni. Zaidi ya hayo, Mungu ndiye ajuaye zaidi, na mimi sijui.

Nakuomba kitu kimoja utakapokuwa huko. Hapa kwetu jua linatoka kuelekea saa moja na kuzama kuelekea saa moja, mwaka mzima halitusumbui, na ndiyo maana tunadhani tunalifahamu. Niandikie saa za huko. Siku ile ya Desemba itakapoingia giza alasiri, andika limetoka lini na limezama lini. Na mwezi wa sita, kabla hujarudi, andika tena. Nitaisoma karatasi yako madrasani, kisha nitamwachia Rehema aieleze. Mimi nitakaa mkekani, mstari wa pili, karibu na dirisha.

Na sasa radhi. Unazo, Tatu. Ulikuwa nazo kabla hujapiga magoti, na sijui kama kuna siku ulikuwa huna. Nenda kwa amani ya Mungu, usome, uulize, urudi ukituambia ulichokiona, na asiyeamini aachwe na ujinga wake hata akiwa ni baba yako.

Lakini haki ya mja haifutwi kwa sala wala kwa saumu, hufutwa na mwenyewe. Kesho asubuhi utanijia barazani kuniaga, majirani watakuwepo, shangazi zako watakuwa wanalia kwa sauti, na bajaji itakuwa inapiga honi ituwahishe stesheni. Utataka kupiga magoti. Usipige. Mimi nitatangulia. Mbele ya watu wote nitakunyoshea kiganja changu cha kulia, kikitazama juu, kama ulivyoninyoshea chako.

Fanya utakavyoona ni haki. Watoto wamesema mbili.

Baba yako.